Kutoka Kariakoo hadi Chamwino, Dodoma, kwa vituo: daftari la safari ya Julai 2025

Nimeyakusanya haya kutoka kwenye daftari na picha za simu baada ya kurejea Dar es Salaam. Barabara ya Morogoro nimeipita mara nyingi nikiwa nimelala kwenye kiti cha basi, na safari hii nilikusudia kuipita nikiwa macho, nikishuka kila mahali ambapo mji umekutana na kijiji. Swali nililokwenda nalo ni hili: mahali panapogeuka kuwa mji, ni watu wanaotangulia au ni ramani? Nimekulia Sinza, eneo ambalo viwanja vyake vilipimwa na kugawiwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba kila mtaa huzaliwa hivyo, kwa mpimaji kufika kabla ya fundi mwashi.

Jumatatu, 14 Julai: Kariakoo, Magomeni, Kimara

Nilianza kwa chai ya rangi na chapati mbili, shilingi 1,500, kwenye kibaraza cha mojawapo ya nyumba chache za Kiswahili zilizosalia Kariakoo. Mama mwenye nyumba alinikaribisha ndani nilipomwamkia na kumweleza ninachokitafuta. Ukumbi ulipita katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ulikuwapo uani wenye jiko na bomba. Kulia kwake limesimama ghorofa la sakafu nane, kushoto jingine linajengwa. Alinieleza jinsi majirani zake walivyofanya: mwenye kiwanja hutoa ardhi, mwenye fedha hujenga, kisha hugawana sakafu kwa mkataba. "Mimi nao wamekuja, mwanangu," alisema, "lakini nimewauliza, hiyo sakafu ya nne nitaanika wapi mpunga?" Eneo hili lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha likawa makazi ya Waafrika yenye mitaa iliyonyooka. Unyoofu huo wa mitaa ndio uliorahisisha maghorofa kuota leo, kwa sababu kila kiwanja kilikuwa na mpaka unaojulikana na barabara mbele yake.

Kutoka Gerezani nilipanda basi la mwendokasi hadi Kimara kwa shilingi 750. Mabasi haya yalianza kazi Mei 2016, na ukiyatumia huku ukitazama dirishani utaona jinsi maduka ya jumla, benki na hosteli za wanafunzi zilivyojipanga karibu na vituo vyake, hasa baada ya Magomeni. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Sehemu kubwa ya watu walioongezeka hawakuingia katikati ya jiji, bali walikwenda kando, kwenye vilima na mabonde kama ya Kimara.

Nilishuka mwisho wa njia, na nilipokuwa nikiuliza njia ya kuelekea bondeni, mzee mmoja fundi seremala aliacha randa yake na kusema atanisindikiza, kwani peke yangu ningepotea. Hakukosea. Tulishuka vichochoro ambavyo watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kuegemea ukuta. Alinunua sehemu yake mwaka 1988 kwa mzee wa Kizaramo aliyekuwa na mikorosho na minazi, na hati ya mauziano ilikuwa karatasi ya daftari iliyotiwa saini mbele ya balozi wa nyumba kumi. Karatasi hiyo anayo hadi leo, ndani ya mfuko wa nailoni. Umeme ulifika miaka mingi baada ya yeye kuhamia, maji ya bomba baada ya umeme, na upimaji wa kurasimisha makazi baada ya vyote, kwa michango ya wakazi wenyewe. Mpimaji alipofika alilazimika kuchora kile alichokikuta. Hapakuwa na nafasi ya shule wala ya gari la zimamoto, kwa kuwa kila aliyeuza aliuza hadi ukingoni mwa shamba lake.

Juu barabarani alinionyesha mahali zilipokuwa nyumba zilizobomolewa mwaka 2017, pale barabara ilipopanuliwa kutoka Kimara kuelekea Kibaha. Baadhi ya kuta ziliwekewa alama ya X nyekundu miaka kadhaa kabla. Leo njia ni nane, na magari yanapita kwa utulivu mahali ambapo zamani foleni ilimaliza saa mbili. Mzee hakuilaani barabara, ila alisema kwamba jirani yake aliyebomolewa alihamia Kisarawe na kuanza tena kufyeka.

Kwa atakayefuata: ondoka katikati ya jiji kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo utasimama hadi Kimara. Bondeni usiingie bila mwenyeji, na uvae viatu visivyoteleza.

Jumanne, 15 Julai: Mbezi, Kibaha, Chalinze

Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi kutoka Ubungo mwaka 2021, na kimevuta kila kitu kilichokizunguka. Mama lishe aliyeniuzia supu na vitumbua kwa shilingi 3,000 alikuwa Ubungo zaidi ya miaka kumi, akafuata abiria wake. Alisema wateja wamekuwa wale wale, lakini kodi ya chumba imemlazimu kulala mbali zaidi, na kila alfajiri hupanda daladala kurudi upande wa mjini ili afike kazini.

Kibaha niliifahamu kama mahali pa shule. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, likiwa na shule, zahanati na mafunzo ya wakulima, wakati ambapo sehemu hii ilikuwa pori lenye vijiji vilivyotawanyika. Ni mahali ambapo ramani ilitangulia watu kwa wazi kabisa, na miembe iliyopandwa kwa mistari bado ipo. Sasa mkia wa Dar es Salaam umeifikia. Kati ya Kiluvya na Kibaha sikuona tena pengo la shamba lolote kando ya barabara, ila fremu za maduka, viwanda vidogo, mapagale yanayosubiri mabati na mabango ya "viwanja vinauzwa" yenye namba za simu.

Basi nililolipanda Kibaha lilipasuka tairi mbele kidogo ya mizani ya Vigwaza, na tulikaa hapo kwa saa mbili na nusu kwa kuwa la akiba nalo halikuwa na upepo. Kina mama wa nyumba iliyokuwa kando ya barabara walitutolea mikeka chini ya mwembe, wakatuletea muhogo wa kuchemsha na maji, na walikataa kabisa fedha tulizochanga. Hatimaye kondakta aliwaachia watoto wao biskuti. Mmoja wa kina mama hao alinionyesha upande wa reli na kusema kwamba tangu habari za bandari kavu ya Kwala zilipoenea, wageni wanaoulizia ardhi hawakauki. Mjomba wake aliuza ekari tatu, akanunua pikipiki mbili na kuezeka nyumba, na sasa analima kwa kukodi shamba. Nimeliandika hili kwa sababu nililisikia kwa namna ile ile, kwa watu wasiojuana, Kimara, Vigwaza na Dodoma.

Tulifika Chalinze giza limeingia. Njia panda hii, inayogawa magari ya Morogoro na yale ya Segera, Tanga na Arusha, haina mto wala mgodi. Imekuzwa na magari yanayosimama. Nyumba za zamani zilizotazama msikiti na kisima zimevunjwa ukuta wa nyuma ili zifungue duka barabarani. Wali na samaki ulikuwa shilingi 4,000, na chumba chenye feni na choo cha ndani 25,000.

Jumatano, 16 Julai: Morogoro

Kutoka Chalinze hadi Morogoro ni saa mbili zisizo na mengi isipokuwa vibao vya kilomita 50 kwa saa, ambavyo dereva alivilalamikia vyote. Nilivitazama kwa jicho jingine: kila kibao ni kijiji kilichohama taratibu kutoka ndani na kuja kukaa barabarani, na vimekuwa vingi kiasi kwamba gari halimalizi kuongeza mwendo kabla ya kupunguza tena.

Morogoro yenyewe imebadilishwa na reli mara mbili. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, iliufikia mji huu mwaka 1907 na kuufanya soko la mkonge. Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali ilijenga viwanda vya viatu, turubai na ngozi, vikavuta maelfu ya wafanyakazi. Viwanda vingi vilipofifia au kubinafsishwa, wafanyakazi hawakurudi vijijini. Walibaki Kihonda na Mkundi wakajenga kwa kidogo walichonacho. Sasa kituo cha treni ya umeme kipo Kihonda hiyo hiyo, na dalali aliyenizungusha kwa bodaboda, shilingi 5,000 kwenda na kurudi, alikuwa akitaja bei za viwanja kwa kuvipima umbali kutoka kituoni.

Alasiri nilikwenda Mazimbu. Shamba hili la zamani la mkonge lilitolewa na Tanzania kwa chama cha ANC mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakimbizi wa Afrika Kusini wakajenga hapo Chuo cha Solomon Mahlangu: madarasa, nyumba, hospitali, karakana ya samani na mashamba. Walikuwa wakijenga mji mdogo wenye mpango kamili, huku wakiomba Mungu wasiukalie muda mrefu. Mwaka 1992 waliukabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mlinzi alinipeleka makaburini bila kudai kitu, akanisomea majina mengine kwa kichwa. Ukiwa Morogoro usiiache Mazimbu. Ingia getini, jitambulishe, na uende kabla ya saa kumi.

Alhamisi na Ijumaa, 17 na 18 Julai: Kibaigwa na Kongwa

Baada ya Dumila barabara hupanda kuelekea Gairo, baridi ya Julai huingia dirishani, na mashamba ya mpunga hupisha mahindi, alizeti na mbuyu mmoja mmoja. Nauli ya Morogoro hadi Kibaigwa ilikuwa shilingi 10,000.

Kibaigwa ndiyo iliyonifundisha zaidi katika safari hii, na nililala hapo usiku mmoja zaidi ya nilivyopanga. Soko lake la nafaka hupokea mahindi ya Kongwa, Gairo na Kiteto, na Julai ni mwezi wake. Malori ya Fuso yalipanga foleni tangu alfajiri, makuli walibeba magunia wakiimba, kina mama walipepeta mahindi yaliyomwagika na kuyauza kwa sado. Hapakuwa na mtu aliyeketi ofisini mwa mbali akaamua kwamba mji uwe hapa. Wanunuzi walikutana na wauzaji kando ya barabara kuu, soko rasmi likajengwa kuufuata mkusanyiko uliokuwapo, kisha zikafuata nyumba za wageni, mashine za kukoboa, maduka ya pembejeo, wakala wa fedha wa simu na shule. Msimamizi wa ghala mmoja, kijana aliyekuja kutoka Iringa kama kuli, alinilipia chakula cha mchana cha ugali, mlenda na nyama ya mbuzi aliposikia kwamba ninaandika habari za mji wao. Alilalamikia jambo moja: kuna nyumba ya kila namna, lakini maji ya kutosha hakuna, na mvua ikinyesha mifereji ya malori ndiyo mifereji ya watu.

Siku iliyofuata dereva wa Fuso aliyekuwa akirudi tupu alinipa lifti hadi Kongwa, na njia nzima alikataa hata soda. Hapa palikuwa na kinyume cha Kibaigwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga ili kupata mafuta ya kula kwa nchi yake iliyotoka vitani. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa, zikajengwa nyumba, hospitali na tawi la reli, na maelfu ya vibarua wakaajiriwa. Udongo ulikuwa na mfinyanzi unaokauka ukawa kama saruji, mvua haikutosha, na Wagogo waliojua kwa nini eneo lile hulimwa kwa uangalifu hawakuulizwa. Kufikia mwaka 1951 mradi ulifutwa. Kuanzia mwaka 1964 eneo hilo lilipata uhai mwingine kama kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo. Nilitembea mbele ya majengo ya enzi hizo, nikala miwa na watoto wa shule, na kufikiri juu ya ramani iliyokuja na kila kitu isipokuwa swali kwa mwenyeji.

Usafiri kati ya Kongwa na barabara kuu hupatikana asubuhi kwa wingi. Baada ya saa tisa alasiri utategemea bodaboda, na upepo wa huko katika Julai unahitaji koti zito.

Jumamosi, 19 Julai: Chamwino

Chamwino nilikuwa na jina la mtu mmoja tu, mwalimu mstaafu, nililopewa na jirani yangu wa Sinza. "Mbukwenyi," nilimwamkia kwa Kigogo changu cha kujifunza kwenye basi, na mkewe akacheka kwa furaha, akaniwekea kigoda kivulini.

Mzee alikuwa kijana wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ambapo familia za Wagogo zilizoishi kwa kutawanyika kwenye tembe zao zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Mzee alinionyesha ilipokuwa tembe ya baba yake, nyumba ya paa la udongo lililo bapa, yenye zizi katikati. Alisema kwa uzito wote kwamba shule, zahanati na kisima vilikuja kwa sababu ya kukusanyika, na kwamba baba yake pia alipoteza malisho ya ng'ombe ambayo hakuyapata tena. Hakutaka nichague kimojawapo.

Sasa kijiji hicho ni jirani wa Ikulu mpya iliyofunguliwa Mei 2023. Barabara ni ya lami, taa zinawaka usiku, na bei ya ardhi imepanda hadi vijana wa ukoo wake hawawezi kununua mahali walipozaliwa. Alinieleza mabadiliko ambayo mgeni hawezi kuyaona kwa macho. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mkutano wa kijiji una sauti juu ya ardhi yake, na mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, sauti hiyo huhamia halmashauri, na anayeijua njia ya ofisi humtangulia anayeijua njia ya shamba. Kwa maoni yangu hapa ndipo haki hupotea au hupatikana, mapema sana, kabla tingatinga la kwanza halijafika. Kila kijiji kilicho ndani ya kilomita thelathini za mji unaokua kingepaswa kupimiwa na kupewa hati zake kabla ya wanunuzi kufika. Chakula cha mchana kilikuwa ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Nilipotaka kuacha chochote, mkewe aliniwekea mfukoni karanga za njiani.

Jumapili, 20 Julai: Mtumba na Dodoma

Daladala kutoka Chamwino hupita Mtumba, ambako wizara zilianza na ofisi ndogo za muda mwaka 2019 na sasa zina maghorofa. Ilikuwa Jumapili na mitaa ilikuwa mitupu, hivyo niliweza kuitembea kwa miguu na kuona upana wake, mifereji iliyojengwa kabla ya nyumba, na miti michanga yenye mabomba ya kumwagilia. Sijawahi kuona mji wa Tanzania ukianza na mifereji.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mamlaka ya ustawishaji, CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Kwa miongo kadhaa ardhi yote ya mji ilikuwa mikononi mwake, na mwananchi alipangishwa kwa miaka 33. Mitaa ya Area C na Area D ni mipana na mizuri kwa sababu hiyo. Ila waliokuwa wakilima humo tangu mababu, na wengine ambao hawakumudu gharama za kiwanja kilichopimwa, walijenga usiku Chang'ombe na pembezoni, wakabomolewa, wakajenga tena. Malalamiko yalikuwa mengi, na Mei 2017 mamlaka hiyo ilivunjwa, muda wa hati ukawa miaka 99. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la jiji hili. Ya 2022 ikahesabu 765,179.

Jioni nililala Majengo, chumba shilingi 30,000, na nikala mishkaki na zabibu za msimu wa pili karibu na soko. Mwenye nyumba ya wageni, mtumishi wa umma aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, alisema miaka miwili ya kwanza alirudi pwani kila wikendi. Watoto wake sasa wanasoma Dodoma na wamejifunza Kigogo kwa majirani, na kiwanja chake Iyumbu kimefika kwenye linta.

Jumatatu, 21 Julai: kurejea

Nilirudi kwa treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Tiketi ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Safari ambayo kwa basi, bila kushuka, hula sehemu kubwa ya siku ilimalizika kwa chini ya saa nne. Baada ya mahandaki ya milima ya Kilosa nilijitahidi kutazama kila kituo kidogo, na kwenye viwili nilikwisha kuona tofali zimepangwa na msingi wa fremu umechimbwa, mahali ambapo hapana barabara ya lami. Watu wametangulia tena, na safari hii bado halmashauri zina muda wa kuwapata kabla mashamba hayajakatwa hadi ukingoni.

Kwa atakayeifuata njia hii: nenda kwa basi na daladala, kwa kuwa ndizo zinazokushusha unapotaka, kisha rudi kwa treni. Tiketi ikate siku mbili tatu kabla, hasa mwisho wa wiki, ukiwa na kitambulisho chenye jina lile lile ulilojiandikisha, na ufike kituoni mapema kwa sababu mizigo hukaguliwa. Kituo cha Dodoma kipo Mkonze, nje kidogo ya mjini, na bodaboda kutoka Majengo ilinitoza shilingi 4,000. Kibaigwa nenda kati ya Juni na Agosti mahindi yakiwa sokoni. Bila kujumuisha zawadi, nilitumia wastani wa shilingi 55,000 kwa siku pamoja na malazi, na ningetumia zaidi kama watu wa barabarani wangekuwa na mkono mzito.